Rael Aliyeonja Magari ya Watu

Tulimzika mke wangu Rael siku ya Ijumaa, kwetu kijijini Ziwa, kando ya boma la ng'ombe. Siku hiyo vyombo vya sauti viliungua.

Aliyevileta ni Sadiq, fundi wa muziki wa magari pale mjini Eldoret. Rael aliuza chai kwenye uwanja wake wa kazi miaka kumi na minne. Sadiq alipopata habari alikuja mwenyewe na pikapu yake, spika nne nyuma, akasema hataki kitu, hii ni ya Mama. Tulimshukuru. Akaegesha karibu na hema.

Mchungaji alipofungua mdomo, watu waliziba masikio. Mimi nilisikia kishindo tu, kama kawaida ya spika. Lakini niliona wazee wamekunja uso. Niliona mtoto analia. Binti yangu Chepkorir alinishika mkono akasema kitu, macho yake yamejaa. Nikageuka kumtazama fundi. Sadiq alikuwa amesimama kando ya pikapu, kiganja juu ya bodi, anatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Watu wameziba masikio, na yeye ameridhika.

Halafu ikaja harufu ya plastiki inayoungua. Moshi ukatoka chini ya kiti cha pikapu. Kimya. Mchungaji akamalizia kwa mdomo mtupu, na waliokaa nyuma hawakusikia jambo lolote lililosemwa juu ya Rael.

Nilimzika. Lakini kabla udongo haujakauka, watu walikuwa washasema kwamba Sadiq kwisha. Nani tena atampelekea gari?

Wiki tatu baadaye nilienda mjini kuchukua vitu vya mke wangu. Jiko, benchi, vikombe, chupa mbili za chai. Na nilikuwa na neno langu moja kwa huyo fundi. Nililipanga njia nzima. Ulimfanyia hivyo kwa nini?

Kabla sijafika huko, niseme Rael alikuwa nani. Niseme nilivyodhani namjua.

Alizaliwa upande wa Timboroa, juu kule kwenye baridi, baba yake akipasua mbao. Akiwa msichana aliimba kwaya. Ndiko nilikomwona, kanisani, safu ya nyuma, pengo moja mbele. Tulioana nikiwa dereva wa trekta. Miaka thelathini na minane nimelima mashamba ya watu, juu ya trekta zisizo na kibanda, ekzosi iko hapa mbele ya uso. Yeye alilea watoto, akapanda, akapalilia. Watoto walipoondoka alisema atauza chai mjini. Nikasema sawa. Kila asubuhi mimi nakamua, yeye anabeba maziwa anapanda gari. Jioni anarudi, anaweka mtungi chini, anapika, tunakula. Hatukugombana. Mchungaji aliponiuliza aseme nini juu yake, nilimwambia mke wangu hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mnyamavu. Mchungaji akaandika.

Sasa, uwanja wenyewe uko kando ya barabara ya kwenda Langas. Kuna fundi wa rangi, fundi wa vioo, fundi wa kunyoosha bodi, na Nelima, mama anayeshona viti vya magari kwa cherehani. Sadiq yuko mwisho, chini ya mabati. Nilikuwa nimefika hapo mara mbili tu maisha yangu yote, na mara zote mbili sikushuka garini.

Nelima alinijua kwa picha ya mazishi. Alikuja akanishika mikono yote miwili, akalia. Nilisimama tu. Akanivuta kwenye kiti, akakaa mbele yangu, akaanza kueleza. Alisema tangu Mama atoke, uwanja umekufa. Alisema zamani hapa kulikuwa na kelele mbili, kelele ya spika na kelele ya Rael, na ya Rael ilishinda. Asubuhi akifika anaanza kumtania fundi wa rangi, anamaliza na askari wa kanjo, yule wa ushuru wa mji. Siku moja alimwambia fundi wa bodi aanze kunyoosha kichwa chake mwenyewe ndio wateja wamwamini. Akiosha vikombe anaimba. Akikosa wa kuongea naye anaongea na jiko.

Nilimwambia kwa upole labda anamchanganya na mama mwingine.

Nelima alinitazama. "Mzee, ni Rael wa Ziwa. Mwenye pengo hapa," akasema, akagusa jino lake la mbele.

Nilitazama benchi, jiko, vikombe vimefunikwa kwa kitambaa. Vilikuwa vya kwetu. Huyo mtu aliyekuwa akielezwa sikumjua.

Nikiwa bado hapo, lori likaingia. Lilikuwa la Githinji, mtu wa makamo anayebeba viazi kutoka Timboroa hadi Kitale. Alikuwa ameacha amplifaya na spika kwa Sadiq tangu mwezi uliopita, na siku hiyo ndiyo ya kufungiwa. Alishuka na kikombe chake mwenyewe mkononi. Akauliza Mama Chai yuko wapi, leo anataka chai mbili, moja ya kunywa, moja ya kuonjewa gari.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nelima ndiye alimwambia. Githinji akavua kofia, akaketi juu ya tairi, kile kikombe akakiweka chini polepole.

Halafu akaanza kunieleza mimi, bila kujua mimi ni nani. Alisema hapa kwa Sadiq gari halitoki bila Mama kulionja. Fundi akishafunga kila kitu anamwita. Mama anakuja na kikombe, anaingia, milango inafungwa, wanakaa humo hata nusu saa. Akitoka anasema neno moja, peleka. Wenye magari walidhani ni mchezo, au ni baraka ya mama mzee. Lakini ndugu yake Githinji aliwahi kuchukua gari Mama akiwa mgonjwa, bila kuonjwa, na mwezi haukuisha spika zikapasuka. Tangu hapo hakuna aliyecheka.

"Huyo mama alikuwa na sikio, Mzee," alisema. "Sijui bwanake alikuwa anaongea naye aje kwa nyumba."

Nelima akamkanyaga mguu. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nilibaki nimeishika.

Sadiq akatokea chini ya mabati. Aliponiona alisimama. Amekonda. Nilimfuata nikamwambia neno langu, jinsi nilivyolipanga. Alinitazama mdomo wakati wote niliposema, hakunitazama macho. Kisha akatazama kule walikokaa Nelima na Githinji, akanifungulia mlango wa pikapu yake. Tuliingia. Akapandisha vioo.

"Mimi sisikii, Mzee," alisema.

Nilidhani ananidharau. Nikarudia neno langu kwa sauti. Akainua mkono.

"Wewe nakusikia kidogo, kwa sababu sauti yako ni nzito na nakuona mdomo. Lakini ile sauti nyembamba yote imetoka. Hakuna anayejua. Mama peke yake."

Alinieleza polepole. Alianza kazi hii akiwa kijana, miaka ishirini iliyopita. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya spika kubwa, wateja waone zinavyotikisa mtu. Kwanza walipotea ndege. Halafu simu, ikawa inalia mfukoni hajui. Halafu sauti za watoto wake. Ngoma anaisikia, injini anaisikia. Na kazi hii, alisema, haitaki ngoma. Amplifaya inachukua sauti ndogo ya redio inainenepesha. Ina kijiskrubu kidogo unachozungusha kwa bisibisi. Ukizungusha, sauti inakua. Kuna mahali inajaa vizuri. Ukipita hapo unywele mmoja tu, inaanza kukwaruza, na huko kukwaruza ndiko kunakochoma spika, na ukizidi kukaza hata amplifaya inaungua. Lazima sikio likamate pale pale. Sikio lake halikamati.

Nilimuuliza Rael alijuaje.

Alisema ni miaka minane sasa. Mama alimletea chai akiwa ameinama, akamwita kutoka nyuma mara tatu. Hakugeuka. Mama akazunguka akaja mbele, akamtazama usoni.

"Akakuambia nini?"

Sadiq alishika usukani. Hakutaka kusema.

"Aliniambia, 'Nakujua wewe. Husikii, unaitikia tu. Mzee wangu wa nyumbani yuko hivyo hivyo.'"

Nilikasirika. Nilimwambia mimi nasikia. Nilimwambia mimi si mgonjwa wa masikio na mke wangu hawezi kuwa alisema hivyo kwa watu. Hakubishana na mimi.

Akaendelea na yao, yeye na Rael. Tangu siku hiyo waliungana. Rael hakujua maneno ya ufundi, na hakutaka kufundishwa. Alikuwa na maneno ya maziwa yanayochemka sufuriani. Anakaa kiti cha nyuma, kikombe mkono mmoja, ule mwingine juu ya goti. Sadiq anazungusha, macho yake kwenye ule mkono. Sauti ikikua, Mama anasema inapanda, mkono unainuka. Ikifika karibu kukwaruza anasema imefika mdomoni, toa. Mkono unafungwa. Sadiq anarudisha nyuma kidogo, basi. Na kama kuna mlio mwembamba unaofuata injini, Mama anasema kuna mbu. Sadiq anajua waya wa bodi haujashika vizuri, anaurudia. Kwa miaka minane hakuna gari lililorudi, isipokuwa lile la ndugu yake Githinji.

"Kwa mazishi nilizungusha mwenyewe," alisema. "Niliweka mkono kwa bodi, nikasikia inatetemeka vizuri. Nikadhani ni nzuri, Mzee. Niliona watu wameshika kichwa, nikadhani wanamlilia Mama."

Neno langu liliisha.

Alisema baada ya mazishi watu walikuja kuchukua magari yao, hata yaliyofunguliwa nusu. Limebaki hili lori peke yake, kwa sababu Githinji alikuwa safarini hakusikia habari. "Nikiliunguza hili nafunga. Nitaenda kuwa wa kufunga turubai kwa malori ya ndugu zangu. Sijui kazi nyingine." Halafu akaniomba. Nikae mahali Mama alikaa. Niinue mkono. Hakuna mtu lazima ajue.

Nilikubali. Sikukubali kwa ajili yake. Nilitaka kukaa pale Rael alikaa.

Alifunga vitu nikimtazama. Alichukua waya mwekundu mnene kutoka kwa betri, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, akasema waya ukikwaruzwa njiani fyuzi ikatike kabla moto haujaanza. Akaupitisha chini ya zulia upande wa kushoto. Nyaya za sauti akazipitisha kulia. Alisema hizi mbili hazilali kitanda kimoja. Waya mweusi akaukata mfupi, akasugua rangi ya bodi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akaukaza hapo kwa boliti. Amplifaya akaifunga nyuma ya viti, mahali panapopata hewa. Mikono yake haikukosea mara moja. Nimeona mafundi wengi wa trekta. Mikono kama ile sikuiona. Na yote hayo yanaishia kwenye kijiskrubu, na kwenye sikio la mama wa chai.

Tukafunga milango. Nikakaa kiti cha abiria, maana lori halina cha nyuma. Akawasha redio, akaipandisha karibu mwisho, robo tatu hivi. Akashika bisibisi, akanitazama mkono.

Sauti ilianza ndogo. Akazungusha. Ikakua. Nikainua mkono kidogo. Nilikuwa nangojea kukwaruza. Akazungusha. Ilikuwa nzuri, imejaa, kiti kinatetemeka chini ya kiganja changu. Nikatikisa kichwa, endelea. Akazungusha. Hakuna kukwaruza. Nikatikisa kichwa tena.

Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Alikuwa ni Nelima, mkono mmoja kwenye sikio, mdomo unakwenda. Sadiq akazima. Nelima alisema alikuwa amegonga kioo mpaka ngumi ikauma. Nyuma yake wamesimama Githinji na fundi wa rangi na mpita njia mmoja. Wote wamekunja uso. Wote wameziba masikio.

Nilikuwa nimewaona watu hao hao. Kwa mazishi. Wakati huu, aliyeweka kiganja akatikisa kichwa akaridhika, ni mimi.

Sikuweza kushuka. Miaka thelathini na minane ya ekzosi mbele ya uso, na hakuna siku niliyojiuliza. Kila mtu anazeeka, nilisema. Watu wa siku hizi wanaongea chini, nilisema. Na Rael anaweka mtungi chini kila jioni, anageuka, mdomo wake unakwenda, nami najibu mm. Miaka mingapi? Alirudia mara ngapi kabla hajachoka? Nilimwita mnyamavu. Nilimpa mchungaji aandike.

Na jioni ile ya mwisho. Tulikuwa jikoni. Alikuwa ameweka mkono hapa kifuani, anatazama moto. Akasema kitu. Nikasema mm. Akanitazama, akacheka kidogo, akainuka kuosha sufuria. Kulipopambazuka hakuamka.

Sijui alisema nini.

Hilo ndilo lililonikalisha kwenye kile kiti cha lori. Sadiq aliona.

Githinji akasogea mlangoni, anataka kujua kuna nini na lori lake. Nikaona Sadiq anatafuta la kusema. Akaanza na fyuzi, kwamba fyuzi ni mbovu, aje kesho. Ninajua uso wa mtu anayeitikia tu. Ni wangu.

"Mwambie," nilisema.

Alinitazama mdomo.

"Mwambie, Sadiq. Mke wangu alikufichia miaka minane. Mimi sitaweza hata siku moja. Na ukificha, utaliunguza."

Githinji akageuka kwangu. Akaelewa sasa mimi ni nani. Akashika kofia yake.

Sadiq alishuka, akasimama mbele yake, akasema. Alisema yote mbele ya Nelima na fundi wa rangi. Fundi wa rangi alifungua mdomo hakuufunga. Watu hawa wamekaa naye hatua kumi, miaka yote, na hawakujua.

"Ngoja," Githinji alisema. "Kwa hivyo fundi alikuwa Mama Chai."

"Mikono ni yangu. Sikio lilikuwa lake."

"Na leo ulikuwa unataka kuniwekea mzee naye hasikii."

"Ndiyo."

Githinji alitema mate kando. Akapanda ngazi ya lori, akatia ufunguo, akawasha. Sadiq hakumzuia. Alikuwa ameanza kukusanya vyombo vyake kwenye sanduku, kimoja kimoja, kama mtu anayehama. Niliwaona wote wawili kwa wakati mmoja, na nikajua lori likitoka hapo limetoka na kila kitu.

Mimi si mtu wa kusimamisha watu. Nilimuuliza tu Githinji, akiwa safarini nani anampikia chai.

Akasema anajipikia, ana jiko la gesi nyuma.

Nikamuuliza kama maziwa humwagika.

"Mzee, nimepika chai barabarani miaka kumi na tano. Siwezi kumwaga maziwa."

"Basi kaa kiti cha Rael," nilimwambia. "Masikio unayo. Sauti ndiyo maziwa. Yakipanda, inua mkono. Yakifika mdomoni, funga mkono. Huyu atayatoa jikoni. Hakuna kingine alichokuwa akifanya."

Kisha akacheka puani, akazima injini, akahamia kile kiti. Sadiq alirudi mbio na bisibisi.

Mara ya kwanza iliharibika. Githinji alikuwa mwenye gari, na mwenye gari siku zote anataka kelele. Mkono wake ulikataa kufunga. Alikuwa anaashiria ongeza, ongeza. Nelima ndiye aliyemkemea kutoka nje, kwa sauti ambayo hata mimi niliipata.

"Hayo yamemwagika, baba. Hata jiko limezima."

Wakaanza upya kutoka chini. Safari hii Githinji alifumba macho. Sadiq akazungusha kidogo kidogo. Mimi nilimtazama Sadiq. Alikuwa anatazama ule mkono mnene wa mbeba viazi kama mtu anayesoma barua kutoka mbali. Mkono ukainuka. Ukaendelea kuinuka. Ukasimama hapo. Ukafungwa. Sadiq akarudisha nyuma unywele mmoja. Nelima nje hakuziba masikio. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Githinji akarudi kwenye usukani, akawasha injini kujaribu. Akakanyaga mafuta, akakunja uso. Akasema kuna kitu kinalia, chembamba, ukikanyaga kinapanda.

"Mbu," Sadiq alisema.

Akafungua waya mweusi, akatafuta mahali pengine kwenye bodi, akasugua kwa msasa upya, akakaza. Githinji akakanyaga tena. Akatulia. Akakaa humo na milango imefungwa hata chai ingepoa. Alipotoka hakumsifu mtu. Alisema anaenda nalo, na likiungua atarudi kubomoa haya mabati kwa lori lenyewe.

Alirudi baada ya siku kumi. Alileta nusu gunia la viazi. Spika zilikuwa nzima.

Sasa Sadiq anawaambia wote. Mtu akileta gari anaambiwa kabla ya bisibisi kutoka sandukuni: mimi sisikii vizuri, wewe utakaa nyuma utainua mkono. Wengine wanageuza gari hapo hapo. Wiki ya kwanza waligeuza watatu. Mmoja alimtukana. Wengine wanakaa. Kazi ni polepole kuliko zamani, maana si kila mtu anajua maziwa, na vijana wanapenda yamwagike. Lakini hajafunga. Juzi alikuwa na magari mawili kwa siku moja.

Vikombe na jiko sikuvichukua. Siku mbili kwa wiki nakamua, napeleka maziwa mwenyewe, Nelima anapika. Nakaa kwenye benchi. Nimewaambia kitu ninachotaka. Kila mtu mwenye neno la Rael aje akae mbele yangu, anitazame, aniambie kwa nguvu. Walidhani ni ya siku moja. Sasa wamezoea. Fundi wa bodi alinipa matusi yake yote aliyotukanwa, kwa mpangilio. Dereva mmoja wa lori la maji alinipa wimbo, akaimba vibaya. Askari wa kanjo naye alikuja, akasimama, akasema alichoambiwa, akaenda.

Lile la jioni ya mwisho hakuna anayeweza kuniletea. Najua.

Jana Nelima aliacha cherehani akaja. Alisema Rael aliwahi kuwaambia kwamba mumewe akilala anakoroma kama trekta iliyopasuka ekzosi, na kwamba akiwa kwao Timboroa, kumtembelea dada yake, hakupata hata lepe la usingizi kwa sababu nyumba ilikuwa kimya. Halafu akaongeza kitu, akicheka, ameinamisha kichwa.

Mwisho wake sikuushika. Nilimwambia ainue uso, aseme tena.

Akasema tena.